Kuketi Kwanza

Dominika ya 23 ya Mwaka C
Hek 9:13-18, Flm 9-10, 12-17, Lk 14:25-33



Wapendwa wasikilizaji, Injili tuliyoisikia leo ni ngumu kumeza. Bwana wetu anawageukia makutano yaliyokuwa yakiandamana naye, na badala ya kuwashukuru kwa wingi wao, anawaambia kwamba asiyemweka Yeye mbele ya baba na mama, mbele ya mke na watoto, naam, hata mbele ya uhai wake mwenyewe, hawezi kuwa mfuasi wake. Halafu, kana kwamba anabadilisha mazungumzo, anaanza kusema habari za ujenzi na fedha. Nani kati yenu, auliza, akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama, ili aone kama anacho cha kuumalizia? Asije akaweka msingi, akaishia hapo, na wote wapitao wakamcheka.

Sisi wahubiri mara nyingi tunakimbilia msalaba uliotajwa katika Injili hii na kuuruka mnara. Leo mtupe ruhusa tubaki kwenye mnara, na hasa kwenye neno moja dogo: kuketi. Maana twataka kusema na akina baba mintarafu fedha ya nyumbani, jambo ambalo altareni hatuligusi ila siku ya kutangaza zaka na michango.

Sisi wa Kilimanjaro hatuhitaji kufafanuliwa mnara ni kitu gani. Ukipanda barabara yoyote kutoka Moshi mjini, iwe ya Kibosho, ya Uru, ya Kirua au ya Marangu, tazama kulia na kushoto kati ya migomba. Utaona nyumba nzuri zenye madirisha ya vioo, zimefungwa kufuli, ambazo hufunguliwa Desemba wenyewe wanapopanda kula Noeli, kisha hufungwa tena Januari. Jirani na hizo utaona msingi uliokwisha kuota majani. Utaona kuta zilizofika kwenye lenta zikakomea hapo, mwaka wa nane au wa kumi sasa, nondo zimechomoza juu zikiliwa na kutu. Hatusemi haya kwa dhihaka. Injili imekwisha kutuonya kwamba wapita njia hucheka, nasi hatupendi kuhesabiwa miongoni mwa wapita njia. Twajua kwamba baadhi ya kuta hizo zilisimamishwa na ugonjwa, nyingine na kupoteza kazi, nyingine na kifo. Lakini zipo zilizokomea pale kwa sababu hakuna aliyeketi. Na zipo ambazo baba aliketi kweli, ila aliketi peke yake.

Hapo ndipo tunapotaka kufika: tabia ya baba kuketi na fedha yake peke yake. Tabia hiyo ina historia, na ni haki tuisimulie kabla ya kumlaumu mtu.

Kahawa ilipandwa na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu pale Kilema, katika miaka ya 1890. Wazee wetu waliipokea, wakaiotesha chini ya migomba yao, na mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima; mwaka 1933 ukazaliwa ushirika mkubwa wa KNCU. Kahawa ikawa mali ya baba. Mibuni ilikuwa kwenye kihamba chake, jina kwenye kitabu cha chama lilikuwa lake, na fedha ilitua mfukoni mwake. Ndizi, maziwa na mboga vikabaki kwa mama, aliyevibeba kichwani kwenda sokoni.

Mgawanyo ule ulikuwa na maana yake. Ndizi ilileta kidogo kila wiki, nacho kililiwa wiki hiyo hiyo: chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Kahawa ilileta kwa mkupuo, malipo ya kwanza na baadaye nyongeza, nayo ikafanya mambo makubwa, yaani ada, mabati na mahari. Sisi tuliokua kwenye vihamba hivyo katika miaka ya 1970 na 1980 tulizungusha mashine ya kumenya kahawa jioni baada ya shule, tukaigeuza juani juu ya vichanja, wala hatukujua hata mwaka mmoja kwamba ilileta shilingi ngapi. Mama naye hakujua. Alikisia tu, kwa sura ya baba aliporejea kutoka chamani, na kwa saa aliyorejea; maana njia ya kutoka chamani ilipita mahali penye mbege.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawa soko la kahawa kwa viwango yalivunjika, bei ikaanguka vibaya. Katika miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mibuni ikazeeka, nacho kihamba kikagawanywa kwa wana, na wana wakawagawia wana wao, hata pengine leo mtu akisimama mlangoni pake aweza kuzungumza na kaka yake aliye mlangoni pake bila kupaza sauti. Wapo bado wanaotunza kahawa, tena vizuri, na mwezi huu wa Septemba wamo mashambani wanachuma. Lakini baba wengi wa leo si watu wa mkupuo. Huyu ni mlinzi mjini, yule ni mwalimu, mwingine anaendesha bodaboda, mwingine ni fundi wa kuungaunga vyuma. Fedha ya baba inaingia kwa matone, kama ilivyokuwa ya mama. Usiri wake tu ndio uliobaki wa zamani, mithili ya koti la babu analovaa mjukuu ingawa halimtoshi.

Tena usiri umepata nyumba mpya. Tangu huduma za fedha za simu zilipoingia nchini, kuanzia mwaka 2008, mfuko wa baba umehamia kwenye simu. Mfuko wa koti mama aliweza kuupapasa siku ya kufua. Huu wa simu una namba ya siri. Hatuilaumu simu, imewaokoa wengi na wezi wa njiani. Tunasema tu kwamba mahali ambapo mke na mume hawazungumzi, simu imewapa njia rahisi zaidi ya kutozungumza.

Na katika usiri huo ndimo deni linamozaliwa. Kuna mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza jina la kausha damu, na jina hilo halikutungwa na mapadre. Tuchukue mfano. Baba amekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akiamini atarudisha yote mwezi ujao. Mwezi ujao anapata 40,000 tu, anazitoa. Zimekwenda kwenye riba, deni liko pale pale. Akifanya hivyo miezi sita amekwisha kulipa 240,000, nazo ni nyingi kuliko alichokopa, na bado anadaiwa 200,000 kamili. Mtoto wa darasa la tano angeliweza kuifanya hesabu hii kwa dakika mbili. Baba huyu hakuifanya kwa sababu hakuketi na mtu. Hesabu anayoifanya mtu kichwani usiku, amelala ubavu, akiogopa kumwamsha aliye kando yake, haifiki mwisho. Somo letu la kwanza, kutoka Kitabu cha Hekima, limetuambia kwamba mawazo ya wanadamu yana hofu na mipango yetu inayumba. Basi yapata yumba mara mbili yakiwa gizani.

Ndugu wasikilizaji, mwajua sote desturi yetu ya mazishini. Kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa ukoo husimama na kutangaza: kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, basi aonane na familia. Ni desturi njema, ya haki kwa walio hai na kwa aliyelala. Lakini tumesimama makaburini mara nyingi, tumevaa stola, tumesikia tangazo hilo, na tumewatazama wajane usoni linaposomwa. Wako wanaolisikia kwa utulivu, kwa kuwa hakuna wasilolijua. Na wako ambao uso unabadilika. Kwao ndiyo mara ya kwanza hesabu ya baba kusomwa nyumbani kwake, naye yuko chini ya udongo.

Katika parokia moja ya mlimani, ambayo hatutaitaja, tulimzika baba mmoja mchapakazi, mwanajumuiya mwema, asiyekosa Misa. Tangazo lilipotolewa walijitokeza watu watatu. Wawili madai yao yalikuwa madogo. Wa tatu alikuwa na karatasi yenye saini ya marehemu na ya mashahidi wawili. Kihamba kilikuwa kimewekwa rehani. Kwa mila yetu tunazika kwenye kihamba. Kwa hiyo kaburi tulilokuwa tumelifukia saa ile ile, pamoja na makaburi ya baba yake na babu yake, yote yalikuwa ndani ya ile karatasi. Baadaye yule mama alituambia maneno haya: “Padre, deni halikuniumiza sana. Kilichoniuma ni kwamba alilala nalo miaka miwili kitandani kwangu, peke yake. Angeniambia, tungeuza ng’ombe likiwa bado dogo.”

Kihamba hakikupotea. Watoto walio mjini walijikusanya, yule ng’ombe akauzwa, na wazee wa ukoo wakaketi na mdai mpaka wakaelewana. Hata hivyo mama alitumia msimu wa maombolezo yake akihesabu fedha.

Hapa yafaa watu waijue sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imetaka ridhaa hiyo hiyo katika rehani ya nyumba wanamoishi. Kwa hiyo mama ana haki ya kuulizwa, na karatasi iliyosainiwa kisirisiri yaweza kubishaniwa mbele ya vyombo vya sheria. Makatekista, tafadhali waelezeni wachumba jambo hili katika mafundisho ya ndoa. Ila tusijidanganye: mke anayelazimika kumshtaki marehemu ili abaki kwake, hata akishinda, ameshindwa jambo jingine. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, aliwakumbusha waume kwamba mke ana hadhi iliyo sawa na yao. Hatuoni jinsi mtu awezavyo kuikiri hadhi hiyo kanisani na kuificha hati ya mshahara nyumbani.

Twasikia tayari baadhi ya akina baba wakinung’unika mbele ya redio. Mmoja anasema, nikimwambia ninachopata, kitaisha kesho. Mwingine anasema, yeye naye ana mikopo yake ya VICOBA asiyoniambia. Huyu wa pili ana hoja. Wapo akina mama waliokopa kwenye vikundi vitatu ili marejesho ya kimoja yalipe kingine, na baba hupata habari siku wanakikundi wanapokuja kubeba kochi. Siri huzaa siri. Lakini swali la nani aanze halitusumbui: aanze anayejiita kichwa cha nyumba. Kuhusu yule wa kwanza, tumjibu tu kwamba mama yake mwenyewe alilisha nyumba nzima kwa fedha ya ndizi za Jumanne na Ijumaa, bila kukopa. Leo mke wake hashindwi kuaminiwa hesabu.

Tuliangalie sasa somo la pili, kwa sababu lina hazina iliyojificha. Paulo, mzee na mfungwa, anamrudisha Onesimo kwa bwana wake Filemoni, na kuomba apokewe kama ndugu. Somo la leo limekomea katika mstari wa 17. Nyumbani fungueni Biblia, msome mistari miwili inayofuata. Mtaona Paulo anagusa deni. Anasema kwamba kama Onesimo amemkosea Filemoni au anadaiwa chochote, basi kihesabiwe juu yake yeye Paulo. Kisha anashika kalamu mwenyewe na kuandika kwa mkono wake kwamba atalipa. Na barua hiyo haikuandikwa kwa siri, kwa kuwa mwanzoni mwake inawasalimu pia Afia, Arkipo na kanisa lililokusanyika nyumbani mwa Filemoni. Deni limetajwa, limeandikwa, mlipaji amejulikana, na nyumba nzima inasikiliza. Mtume wa mataifa hakuona aibu kuweka hesabu ndani ya barua ya upendo.

Bado kuna adui mmoja wa kuketi, naye ni sherehe. Mnatufahamu, sisi watu wa Kilimanjaro tunapenda mambo yakamilike. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza au wa Kipaimara lazima awe na turubai, muziki, mbuzi, kreti za soda na bia. Harusi ina kamati, sendofu nayo ina kamati yake, na kadi za michango humfuata baba hadi kwenye simu. Baba anachanga kwa wenzake kwa kuogopa kwamba siku yake hawatamchangia. Tungependa tumkumbuke Mtakatifu Yosefu. Alipompeleka Mtoto Yesu hekaluni, Mwinjili Luka anataja sadaka ya ndege wawili. Katika Torati hiyo ilikuwa sadaka ya mama asiyeweza kupata mwanakondoo. Yosefu na Maria walijua kilichokuwamo mfukoni, wakatoa kadiri yake, mbele ya watu wote, katika siku kubwa ya Mtoto wao. Hatusomi popote kwamba walikopa mwanakondoo. Na maparoko wenzetu watusamehe tukisema kwamba hata michango ya kanisa iko chini ya hesabu hiyo hiyo: fedha ya daftari la mtoto isigeuzwe saruji ya kigango.

Labda mtu atauliza: Padre, Injili imeishia kwa Bwana kusema kwamba asiyeacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mfuasi wake, inakuwaje wewe unatufundisha kuvihesabu? Swali ni zuri. Tunavyoelewa sisi, mtu hawezi kuacha asichokijua. Baba anayefungua daftari mbele ya mkewe na kusema, hiki ndicho tunacho, hiki ndicho tunadaiwa, saa ile ile amekwisha kuacha kitu alichokishika kwa nguvu kuliko fedha yenyewe, nacho ni ule ukuu wa kuwa yeye pekee ajuaye. Kwa baba wengi huo ndio msalaba wa Injili hii.

Basi tuseme la kutenda. Mwezi huu wa Septemba watoto wa darasa la saba hufanya mtihani wao. Januari watakaofaulu wataingia kidato cha kwanza. Ada katika sekondari za serikali iliondolewa tangu mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu 2022 kwa kidato cha tano na cha sita, tumshukuru Mungu. Lakini sare, viatu, madaftari, nauli, na godoro kwa aendaye bweni, havikuondolewa. Na kati ya Septemba na Januari imekaa Desemba, mnaijua. Wageni watapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, mbuzi atachinjwa, mbege itapikwa, na baba atataka aonekane. Tarehe 2 Januari wageni watashuka, na mtoto atasimama mlangoni na orodha ya shule mkononi.

Kwa hiyo jioni ya leo, baada ya chakula, kabla ya rozari, tafuteni daftari. Ukurasa mmoja unatosha. Baba aandike madeni kwanza, yote, na majina ya wanaodai, kwa mkono wake kama Paulo, kisha kinachoingia, kisha orodha ya Januari, na Desemba iandikwe mwisho, ipate kile kitakachobaki. Mama naye aongeze ya kwake. Msizime redio ili majirani wasisikie, wala msipandishe sauti. Yeyote aliyekwisha kukwama katika deni kubwa aende kwa mzee mmoja mwaminifu wa jumuiya, au kwa paroko, kabla hajaweka saini kwenye karatasi nyingine.

Dominika ijayo, Mungu akipenda, Injili itatuletea baba mwingine, yule aliyewagawia wanawe wawili mali yake akiwa bado hai. Msomeni mapema, Luka sura ya 15.

Tumsifu Yesu Kristo.